Seva Kwanza, Java Baadaye: Kuandaa Mazingira ya Kutengeneza Tagi za JSP

Wengi wanaoanza kutengeneza tagi zao wenyewe za JSP hushikwa na hamu ya kupakua Java mpya kuliko zote. Kisha huchukua toleo lolote la seva ya Tomcat lililo juu ya orodha, wakanakili mfano ulioandikwa miaka kumi na tano iliyopita, na kuanza kukuna vichwa. Msimbo uko sawa herufi kwa herufi, lakini seva inagoma. Geuza mpangilio. Jua kwanza tagi yako itaishi kwenye seva gani na toleo lipi, halafu rudi nyuma mpaka kwenye Java ya kuitengenezea.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Tagi za HTML kama p na table hufahamika na kivinjari. Tagi unayoitengeneza mwenyewe kivinjari hakiijui wala hakitaiona kamwe, kwa sababu seva huisoma, huendesha msimbo wa Java ulio nyuma yake, na kuweka matokeo mahali pake kabla ukurasa haujaondoka. Uwezo huu uliingia na JSP 1.1 mwishoni mwa mwaka 1999, nia ikiwa kuondoa Java katikati ya kurasa ili anayepanga muonekano asilazimike kupita kwenye mabano na nukta mkato za mwandishi wa programu. Wakati huo tagi moja ilikuwa kazi ya kuchosha. JSP 2.0 ya mwaka 2003 ilileta klasi iitwayo SimpleTagSupport, na ndiyo nitakayoitumia hapa. Usikubali mtu akuanzishe na ile ya zamani yenye doStartTag na doEndTag, labda uwe umerithi mfumo uliojengwa nayo.

Na wengi wanaouliza habari za JSP siku hizi ni warithi. Kwa mradi unaoanza leo ningekushauri utazame njia nyingine, hasa kama unatumia Spring Boot, ambayo haikubali JSP ndani ya jar inayojiendesha yenyewe. Itabidi ufungashe war. Lakini mifumo ya ofisini ya miaka ile bado inafanya kazi, na mtu anatakiwa kuihudumia. Kama ni wewe, endelea.

Sasa matoleo. Kampuni ya Sun, iliyozaa Java, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mwaka 2017 Oracle ikaamua kuukabidhi upande wa seva, Java EE, kwa taasisi ya Eclipse Foundation, ila jina la Java halikwenda nao. Mradi ukabatizwa Jakarta EE, na toleo la 9, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2020, likabadilisha majina ya pakeji zote za upande huo: kilichoanza na javax.servlet sasa kinaanza na jakarta.servlet. Ni neno moja tu, lakini kwa Java hizo ni klasi mbili zisizojuana. Tomcat 9 inaelewa javax peke yake. Tomcat 10 na kuendelea zinaelewa jakarta peke yake. Mfano wowote wa kabla ya mwaka 2020 utakaoukuta vitabuni au mtandaoni umeandikwa kwa javax, na hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga.

Kila Tomcat pia ina Java ya chini inayoikubali. Tomcat 9 inaridhika na Java 8. Tomcat 10.1 inataka 11 au zaidi, na Tomcat 11 inataka 17. Kama hakuna aliyekuchagulia, chukua Tomcat 10.1 na Java 17. Java 17 ni mojawapo ya matoleo yanayotunzwa kwa miaka mingi, na mtu wa kukusaidia ukikwama hakosekani. Kama ofisi imekuchagulia, usibuni. Ingia kwenye seva yao, nenda folda ya bin, andika version.sh, au version.bat kwenye Windows, nayo itakutajia toleo la Tomcat na la Java inayoiendesha. Yaandike mahali.

Kupakua. Tomcat yenyewe ni nyepesi, kama MB 12 hivi, ila JDK inakaribia MB 200, kwa hiyo piga hesabu ya bando. Hakikisha ni JDK unayochukua, si JRE. Wengi hudanganyika hapa kwa sababu Tomcat inaendesha kurasa za JSP vizuri kabisa kwenye JRE. Ndani ya folda yake ya lib kuna kompaila ya Eclipse inayokompaili Java ambayo seva huizalisha kutoka kwenye kurasa. Lakini kompaila hiyo haigusi klasi ya tagi yako. Hiyo ni kazi yako na javac, na javac inakuja na JDK tu. Temurin ya Adoptium ni ya bure na haina mizunguko ya leseni. Tomcat ichukue kwenye tovuti ya Apache na ulinganishe alama ya SHA-512 iliyo pembeni ya faili. Ukipakua kwenye tovuti usiyoijua utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Chukua faili la zip, au tar.gz kwenye Linux na Mac, si kisakinishi cha Windows wala kile kinacholetwa na apt kwenye Ubuntu. Kisakinishi kinaigeuza Tomcat kuwa huduma inayojiendesha kimyakimya na isiyosoma mipangilio utakayoiweka kwenye setenv.bat. Apt nayo inasambaza vitu: vingine /usr/share, vingine /var/lib, vingine /etc. Yote hayo yana sababu zake kwa anayeendesha seva ya kazi, lakini anayejifunza anahitaji kuona kila kitu mahali pamoja. Fungua faili hilo kwenye folda isiyo na nafasi katika jina lake, mfano C:\seva\tomcat au ~/seva/tomcat, ndipo utangaze vigeu viwili vya mazingira na kuiongezea PATH folda ya bin ya Java. Kwa Linux na Mac:

export JAVA_HOME=/anwani/ya/jdk-17
export CATALINA_HOME=~/seva/tomcat
export PATH=$JAVA_HOME/bin:$PATH

Kwenye Windows vitu hivyohivyo huwekwa kwenye mipangilio ya mfumo, na baada ya hapo lazima ufunge terminali na kufungua mpya, maana iliyokuwa wazi haitambui mabadiliko. JAVA_HOME inaelekea kwenye folda ya JDK yenyewe. Usiongeze bin mwishoni. Kisha andika java -version na javac -version, moja baada ya nyingine. Zikitaja namba tofauti, kompyuta ina Java mbili na PATH inachanganya. Limalize hilo sasa hivi.

Washa seva kwa catalina.sh run, au catalina.bat run. Maelekezo mengi yanakwambia utumie startup, lakini kwenye Windows startup inafungua dirisha jingine, na seva ikifa dirisha hufungwa pamoja na ujumbe uliokuwa unautafuta. Ukitumia run, kila kitu kinabaki mbele ya macho yako. Fungua http://localhost:8080 kwenye kivinjari. Kama poti 8080 imeshachukuliwa na programu nyingine, badilisha namba kwenye kipengele cha Connector ndani ya conf/server.xml.

Mazingira yamekamilika, lakini hutajua kama yanapatana mpaka upitishe tagi moja ndani yake. Naomba uifanye ya kwanza kwa mkono, bila Eclipse, bila IntelliJ, bila Maven. Programu hizo ni nzuri, ila zinakuficha njia, na siku kitu kinapokatika hujui pa kushika.

Tutengeneze tagi yenye faida kwetu. Java inajua Kiswahili kiasi: ukiipa lugha ya sw itakuandikia Jumatatu na Januari bila shida. Saa zetu haizijui. Kwake saa mbili asubuhi ni 8:00, basi. Tagi hii inarekebisha:

package mfano.tagi;

import jakarta.servlet.jsp.tagext.SimpleTagSupport;
import java.io.IOException;
import java.time.*;

public class SaaTagi extends SimpleTagSupport {
    private String ukanda = "Africa/Dar_es_Salaam";

    public void setUkanda(String ukanda) {
        this.ukanda = ukanda;
    }

    @Override
    public void doTag() throws IOException {
        ZonedDateTime sasa = ZonedDateTime.now(ZoneId.of(ukanda));
        int h = sasa.getHour();
        int saa = (h + 6) % 12;
        if (saa == 0) saa = 12;
        getJspContext().getOut().print(String.format(
            "saa %d:%02d %s", saa, sasa.getMinute(), kipindi(h)));
    }

    private String kipindi(int h) {
        if (h < 4) return "usiku";
        if (h < 6) return "alfajiri";
        if (h < 12) return "asubuhi";
        if (h < 16) return "mchana";
        if (h < 19) return "jioni";
        return "usiku";
    }
}

Kuongeza sita na kuchukua baki la kumi na mbili kunatosha: 8 inakuwa 2, 13 inakuwa 7, na 18 inakuwa sifuri, tunayoigeuza kuwa 12, saa kumi na mbili jioni. Mpaka kati ya mchana na jioni watu wanaugombania. Ukitaka alasiri iwe na nafasi yake, ongeza mstari. Ukanda wa saa nimeutaja makusudi. Seva iliyokodishwa Ulaya kwa kawaida huhesabu saa za UTC, na usipoitajia ukanda itawaambia watu wa Dar es Salaam ni saa tano asubuhi wakati wao wanakwenda kula saa nane.

Mstari wa package usiuone kama pambo. Tomcat inapougeuza ukurasa wa JSP kuwa Java, inauweka kwenye pakeji ya org.apache.jsp, na klasi iliyo ndani ya pakeji haiwezi kuiita klasi isiyo na pakeji. Tagi isiyo na mstari huo itakompailiwa vizuri na javac, halafu itakataliwa na seva.

Ndani ya webapps tengeneza folda iitwayo saa, na ndani yake WEB-INF, kwa herufi kubwa hivyohivyo. WEB-INF iwe na folda ya classes. Msimbo asilia weka kando kabisa, nje ya Tomcat, mfano kwenye folda ya src, kisha kompaili ukiwa umesimama kwenye folda inayoibeba src hiyo:

javac --release 17 -encoding UTF-8 -cp "$CATALINA_HOME/lib/*" -d "$CATALINA_HOME/webapps/saa/WEB-INF/classes" src/mfano/tagi/SaaTagi.java

Kila kipande hapo kina kazi. Alama ya -cp inaiambia javac ichukue maktaba za seva ileile itakayoiendesha tagi, na hapa ndipo ule ushauri wa seva kwanza unapolipa: kama uliandika jakarta na seva ni Tomcat 9, javac itakuambia papo hapo kwamba pakeji haipo, kabla hujawasha chochote. Alama za kunukuu zinaizuia terminali isiifumue ile nyota yenyewe. Kwenye Windows andika %CATALINA_HOME% badala ya $CATALINA_HOME. Alama ya -d inaielekeza klasi kwenye classes na kuunda folda za mfano/tagi peke yake. Na --release ndiyo inayokulinda pale kompyuta yako inapokuwa na Java mpya kuliko ya seva.

Maktaba hizo za seva usizinakili kuziweka kwenye WEB-INF/lib ya programu yako. Seva inazo tayari, na nakala ya pili huleta ugomvi usioisha.

Sasa faili la maelezo, linaloiambia seva kwamba tagi ipo. Liite saa.tld na uliweke ndani ya WEB-INF:

<taglib xmlns="https://jakarta.ee/xml/ns/jakartaee" version="3.0">
  <tlib-version>1.0</tlib-version>
  <short-name>sw</short-name>
  <uri>urn:mfano:tagi</uri>
  <tag>
    <name>saa</name>
    <tag-class>mfano.tagi.SaaTagi</tag-class>
    <body-content>empty</body-content>
    <attribute>
      <name>ukanda</name>
      <required>false</required>
      <rtexprvalue>true</rtexprvalue>
    </attribute>
  </tag>
</taglib>

Kile kilicho ndani ya uri si anwani ya kutembelewa; ni jina tu, na seva haitoki kwenda mtandaoni kulitafuta. Linalotakiwa ni lifanane na lililo kwenye ukurasa, bila nafasi wala herufi kubwa iliyozidi. Kwenye body-content tumeandika empty kwa kuwa tagi haibebi kitu ndani. Ingebeba, tungeandika scriptless. Neno JSP, utakaloliona kwenye mifano ya kale, halikubaliki kwa tagi za aina hii.

Mwisho ukurasa wenyewe, index.jsp, ulio moja kwa moja ndani ya folda ya saa:

<%@ page contentType="text/html; charset=UTF-8" pageEncoding="UTF-8" %>
<%@ taglib prefix="sw" uri="urn:mfano:tagi" %>
<p>Hapa sasa ni <sw:saa/>.</p>
<p>Bujumbura ni <sw:saa ukanda="Africa/Bujumbura"/>.</p>

Zima seva, iwashe, fungua http://localhost:8080/saa/. Mistari miwili itatokea, Bujumbura ikiwa nyuma kwa saa moja. Faili la web.xml halihitajiki kwa jambo dogo kama hili.

Usipoona mistari hiyo, soma kosa lote kabla ya kugusa kitu. Ukiambiwa uri haipatikani kwenye web.xml wala kwenye mafaili ya jar, seva haijaliona faili la tld: liko nje ya WEB-INF, au uri hazifanani. Ukiambiwa klasi ya tagi haikupatikana, linganisha tag-class na njia ya folda ndani ya classes. Ukikutana na UnsupportedClassVersionError, tazama namba iliyotajwa: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Maana yake umekompaili kwa toleo la juu kuliko Java ya seva, na dawa ni kupunguza namba ya --release. Kosa la NoClassDefFoundError linalotaja javax/servlet kwenye Tomcat 10 tayari unaijua asili yake.

Kuna mahali wachache hupatazama napo pana majibu mengi. Fungua work/Catalina/localhost/saa/org/apache/jsp na utalikuta faili la index_jsp.java, yaani ukurasa wako baada ya Tomcat kuugeuza. Usiogope majina marefu yenye 005f katikati; ndivyo inavyoandika alama ya mstari wa chini. Tafuta neno SaaTagi. Utaona klasi yako ikiundwa, setUkanda ikiitwa pale ulipoitaja sifa, kisha doTag. Aliyelisoma faili hilo mara moja haoni tena muujiza kwenye tagi. Humo pia utaona tofauti na zile za zamani: tagi ya SimpleTagSupport huundwa upya kila inapotajwa, lakini zile za mtindo wa 1999 Tomcat huzitunza na kuzitumia tena, na thamani uliyoiacha ndani kwa ombi moja inaweza kuibukia kwenye ombi la mtu mwingine. Kama umerithi mfumo ambao mara mojamoja unamwonyesha mteja taarifa za mwenzake, anza kuchunguza hapo.

Ukibadilisha index.jsp, seva inaona yenyewe. Ukibadilisha klasi au tld, iwashe upya. Kwa kawaida Tomcat hairudii kusoma klasi.

Kabla hujaandika tagi ya pili, jiulize kama kweli inahitaji Java. Kama unachotaka ni kipande cha HTML kinachojirudia, mfano kichwa cha ukurasa au kisanduku cha tahadhari, kiandike kwenye faili lenye mwisho wa .tag ndani ya WEB-INF/tags. Hakuna javac wala tld. Mimi naona nusu ya tagi za Java zilizoandikwa maofisini zingetosha kuwa hivyo. Na kama unachotaka ni kurudia orodha au kuuliza sharti, maktaba ya tagi iitwayo JSTL inafanya tayari, ila Tomcat haiji nayo. Itabidi uongeze jar zake kwenye WEB-INF/lib. Kuanzia JSTL 3.0 uri ya tagi zake za msingi ni jakarta.tags.core.

Baada ya kuifanya tagi kwa mkono, hamia Maven. Kwenye pom.xml, jakarta.servlet.jsp-api iwekwe kwa scope ya provided, kwa sababu ileile ya kutonakili maktaba za seva. Mara ya kwanza Maven itapakua vitu vingi na bando litaliona hilo. Kama mko kadhaa, mmoja wenu aendeshe mvn dependency:go-offline mahali penye Wi-Fi, kisha wengine wanakili folda yake ya .m2/repository kwa flashi. Ukiongeza -o kwenye amri, Maven haitaugusa mtandao kabisa.

Inabaki siku ile unapopeleka kazi kwenye seva ya ofisi na kukuta ni Tomcat 9 na Java 8. Kwenye SaaTagi badilisha jakarta kuwa javax katika ule mstari wa import. Kwenye tld, xmlns iwe http://java.sun.com/xml/ns/javaee na version iwe 2.1. Kompaili upya kwa --release 8, huku -cp ikielekea kwenye lib ya Tomcat 9. Pakeji ya java.time imo tangu Java 8, kwa hiyo hesabu ya saa haiguswi. Ikiwa ni kinyume chake, mfumo wa zamani unahamia Tomcat 10, usianze kubadilisha mafaili mia kwa mkono: tengeneza folda ya webapps-javaee sambamba na webapps, weka war humo, na Tomcat itageuza majina yenyewe na kuiweka inapostahili. Kisha pitia kila ukurasa wenye tagi, mmoja mmoja, kwenye seva ya majaribio, huku umefungua kumbukumbu za seva (catalina.out) pembeni.